Kliniki ya ushauri ya Ngara: swali la bunduki ndilo limenifanya niandike hii rivyu

Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia juu ya bei na foleni, kazi yenyewe haina shida. Naongelea ile kliniki ndogo ya ushauri nasaha iko Ngara, ghorofa ya pili, unapanda ngazi katikati ya maduka ya simu na ya viatu. Jina silitaji hapa kwa sababu niliyempeleka ni mdogo wangu na yeye ni askari polisi, kliniki ni ndogo, watu wa sare wanaoenda pale wanahesabika, mtu akiunganisha mambo mawili matatu atamjua. Mwenye anahitaji kweli aniandikie pembeni nitamwelekeza.

Najua rivyu za mahali kama hapa huwa ni za viti, chai, kaunsela mpole ama mkali. Nitafika hapo. Lakini kilichonishika mimi ni ukurasa wa pili wa fomu unayopewa ukifika. Ukurasa wa kwanza ni mambo ya kawaida, jina, miaka, unaishi na nani, unalala masaa mangapi, unakunywa ama hunywi. Ukurasa wa pili unaulizwa kama umewahi kufikiria kujiua, na hapo chini yake mara moja, bila kuzunguka, unaulizwa kama uko na silaha ama unaishi na mtu ako na silaha, na kama iko, usiku inawekwa wapi.

Mdogo wangu alisoma hiyo laini akaweka kalamu chini. Jibu lilikuwa chini ya mto. Alikuwa amerudi kutoka kazi ya mpakani upande wa Lamu, huko ambako magari ya askari hukanyaga bomu barabarani, na alipoteza wenzake, hilo ndilo tu amewahi kuniambia na sijamsukuma aseme zaidi. Akaletwa Nairobi kazi ya nguo za kiraia, akapewa bastola, akapanga nyumba Eastlands na mkewe na mtoto. Tangu 2018 serikali iliporuhusu polisi kupanga mtaani kama raia wengine, askari wengi hawalali kambini, na mimi sina neno na hiyo, zile nyumba za kambi zilikuwa aibu, familia mbili chumba kimoja kimegawanywa na pazia. Lakini mtu akiishi mtaani na silaha ikaja naye mtaani, basi mambo ya silaha yanakuwa mambo ya mke, ya mtoto, ya jirani wa ukuta wa pili. Wifi yangu ndiye alinipigia simu, saa tisa usiku, akaniambia, dada, huyu mtu halali, anakaa kwa kiti akiangalia mlango na ile kitu iko mkononi. Alisema hivyo tu, ile kitu.

Kwa hiyo tulipofika pale kliniki nilikuwa najua, wifi anajua, yeye mwenyewe anajua, na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelisema kwa sauti. Fomu ndiyo ililisema. Na kaunsela alipoichukua hakuruka hiyo sehemu aende kwa utoto wake na baba yake, alianzia hapo. Ni mama wa makamo, aliwahi kuwa nesi wa wagonjwa wa akili miaka mingi kabla aingie hii kazi ya ushauri, mdogo wangu akamwita madam vile wamezoea kuita wakubwa wao wa kike, akamwambia hapa hakuna madam, niite mama inatosha, na mimi sitakuita afande. Halafu akamuuliza, leo usiku hiyo bastola inaweza kulala wapi mbali na wewe? Hakumuuliza kama ataitumia, aliuliza tu inaweza kulala wapi.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba huko Florida mwaka 2011 walipitisha sheria ya kuzuia madaktari wasiwaulize wagonjwa mambo ya bunduki nyumbani, kwamba ni kuingilia faragha ya mwenye bunduki, madaktari wakaenda kortini na kesi ikaendelea mpaka 2017 ndiyo korti ya rufaa ikakitupa hicho kipengele cha kuzuia maswali. Nilisoma hiyo nikakasirika sana. Swali lenyewe ndilo lilikuwa nusu ya matibabu ya ndugu yangu, na kuna mahali watu walikaa bungeni wakalipigia kura ya kulifunga mdomo.

Sasa huduma yenyewe. Kikao cha kwanza ni Sh3,000 na kinachukua saa moja na nusu hivi, vinavyofuata Sh2,000 kwa saa moja, grupu ya familia Sh500 kwa kila familia si kwa kila kichwa, hiyo ni poa. Unalipa kwa M-Pesa kabla hujaingia. SHA, ile bima ya afya ya serikali, hawakubali, bima zingine mbili tatu wanakubali lakini mpaka upigiwe simu ya kuidhinishwa na hiyo simu inaweza kuchukua asubuhi nzima, sisi tukalipa wenyewe tukaachana nayo. Kwa mshahara wa konstebo hiyo Sh2,000 kila wiki ni kitu, mtu anaweza kuacha katikati si kwa sababu amepona bali kwa sababu ada ya mtoto imefika. Dada wa mapokezi anajua hilo, aliniita kando akaniambia tukikwama tuongee mapema kabla ya kukosa kikao, na kweli mwezi mmoja walitukubalia tulipe nusu. Hilo sikulitegemea na nawashukuru.

Foleni ni mbaya. Ukipewa saa nne utaingia saa tano, na pale mahali pa kungojea ni kidogo, viti ni vya plastiki, magoti yenu yanagusana, runinga iko juu inaongea siku nzima, na mlango wa chumba cha ushauri ukiwa haujafungwa vizuri unasikia sauti, maneno husikii lakini unajua mtu analia. Kwa mtu ambaye shida yake ni kuogopa kelele na mlango, kumkalisha hapo saa nzima ni kumrudisha nyuma. Niliwaambia, wakaanza kumruhusu angoje chini kwenye kibanda cha chai na wanampigia simu zamu yake ikikaribia. Wangefanya hivyo kwa wote. Choo ni kisafi, maji yako, vaifai hakuna na sidhani inahitajika.

Na hiyo runinga ndiyo ilileta mjadala ambao umenikaa kichwani mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi ya grupu ya familia, tunangojea kuanza, habari zikaonyesha Marekani, shule tena, ambulensi, wazazi nyuma ya utepe wa manjano. Kuna mzee mmoja huja pale kwa ajili ya mkewe, binti yake ni nesi Texas, mtu mstaarabu sana, akasema hawa wangetoa pesa wakajenga kliniki kama hii kila mtaa mambo ya risasi yangeisha, shida yao si bunduki, shida ni vichwa. Wengi wakatikisa kichwa wakikubali. Na unaelewa kwa nini, sisi wote tuko pale kwa sababu tumeona ushauri ukisaidia mtu wetu, ukiambiwa dawa ya mauaji ni pesa za kliniki unataka kuamini, tena ni pesa tunazozitaka hata hapa.

Nilimwambia kwa heshima, mzee wangu, mimi naona hiyo ni nusu, na nusu hiyo peke yake inaweza kutuumiza. Hapo hatukumaliza maana kaunsela alituita ndani, kwa hiyo namalizia hapa.

Kwanza ni juu ya wale tuliokaa nao pale. Kuna mama huja na kijana wake ana skizofrenia, kijana mrefu, mpole, ameshapigwa mtaani na watu waliodhani ni mwizi juu alikuwa anaongea peke yake karibu na gari la mtu. Yeye ndiye hupigwa. Sasa kila mara mtu akiua watu wengi mahali, mwanasiasa anasimama kwa maikrofoni anasema huyo ni mgonjwa wa akili, na yule mama ameketi pale na mtoto wake anaskia. Kuna mtafiti anaitwa Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, amefanya hii kazi ya vurugu na magonjwa ya akili miaka mingi, hesabu yake ni kwamba hata ungeweza kuyaponya magonjwa yote makubwa ya akili Marekani kwa siku moja, vurugu ingepungua kwa karibu asilimia 4. Nne tu. Zile 96 zingebaki palepale. Hiyo haimaanishi wauaji wako sawa kichwani, mtu wa kuua watoto darasani hayuko sawa kwa lugha yoyote, lakini hasira na chuki na kutaka jina si kitu utakipata kwa faili la daktari.

Na wazimu hauko Marekani peke yake. Huzuni iko hapa, iko Japani, iko Uingereza, kila mahali kuna vijana wa kiume wamejifungia vyumbani na hasira zao. Kilicho Marekani na hakiko kwingine ni wingi wa bunduki. Small Arms Survey ya Geneva, shirika la utafiti wa silaha, ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki karibu milioni 393, ni kama 120 kwa kila watu 100, yaani ni nyingi kuliko watu. Kenya walikadiria hazifiki hata 2 kwa kila watu 100. Tuna madaktari wa akili wachache sana kuliko wao, tuna msongo wa kodi na wa kazi, na kijana wa hapa aliyekasirikia dunia hawezi kuingia dukani Jumamosi akatoka na silaha ya kivita.

Halafu kuna Lewiston, hii ndiyo ningependa yule mzee aisome. Mji mdogo wa jimbo la Maine, Oktoba 2023, mtu aliingia mahali pa kuchezea bouling kisha baa, akaua watu 18. Alikuwa mwanajeshi wa akiba, mkufunzi wa mabomu ya kurusha kwa mkono. Na watu walikuwa wameona. Familia yake iliwaambia polisi. Julai ile wakubwa wake wa jeshi walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili huko New York na akakaa wiki mbili hivi, yaani kitanda kilipatikana, daktari alipatikana, hiyo pesa ya afya ya akili tunayoililia ilitumika. Akatoka akarudi kwa bunduki zake. Septemba mwenzake wa jeshi akaandika ujumbe kwamba anaogopa jamaa ataua watu wengi, maafisa wakaenda nyumbani kwake wakabisha, hakufungua, wakaondoka. Maine ilikuwa na sheria ya kumwondolea mtu silaha akionekana hatari na tume iliyochunguza baadaye ilisema maafisa walikuwa na sababu ya kutosha kuitumia. Hawakuitumia. Mnaona? Matibabu yalipatikana, kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza kwa nguvu hizo bunduki zinalala wapi.

Mauaji ya chuo kikuu cha Virginia Tech ya 2007 yalikuwa hivyohivyo kwa njia nyingine, korti ilikuwa imeshaamuru yule mwanafunzi apate matibabu ya akili mwishoni mwa 2005, hiyo amri haikuingia kwa rejista ya kitaifa ya wanunuzi wa silaha, akanunua bastola mbili akapita ukaguzi, watu 32 wakafa. Ofisi ya afya ilikuwa na habari, duka la bunduki halikuwa nayo.

Kuna mtu atauliza, kwani ni lazima uchague moja? Si lazima, na hata wao kuna wakati hawakuchagua. Baada ya mauaji ya shule ya Uvalde, Texas, Mei 2022, watoto 19 na walimu 2, bunge lao likapitisha sheria mwezi uliofuata iliyokuwa na vyote viwili pamoja, pesa za washauri wa shule na kliniki za jamii, halafu ukaguzi mkali zaidi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21 na pesa za kusaidia majimbo kuendesha zile amri za korti za kumwondolea mtu bunduki kwa muda. Biden akatia sahihi Juni 25. Mimi niliona hiyo ni njia. Kisha Aprili 2025 serikali ya Trump ikatangaza kukatiza ruzuku za karibu dola bilioni 1, zilezile za washauri wa shule. Hapo ndipo niliacha kuamini hiyo hadithi ya ni vichwa si bunduki, kwa sababu mtu anayeamini kweli ni vichwa hangeanza kwa kukata pesa za vichwa. Inatumika tu siku ya mazishi ili bunduki zisiguswe, halafu wagonjwa nao wanasahaulika mpaka mazishi mengine.

Na sisi hapa Nairobi tusijione tuko mbali. Wale waliotuua Westgate 2013 na Garissa 2015 walikuwa magaidi, hiyo ni habari nyingine kabisa na kaunsela hahusiki. Lakini kumbuka Siakago, Novemba 2010, askari alipita kwenye baa akaua watu 10. Kumbuka Kabete, Desemba 2021, askari mwenye AK-47 aliua watu 6, mkewe akiwa mmoja wao, kisha akajiua. Nilikuwa naishi upande huo wa mji wakati huo, na kila mtu steji alikuwa anaongea jambo moja, stresi ya polisi, stresi ya polisi, wapelekwe ushauri. Sawa, wapelekwe, mimi mwenyewe nimempeleka wangu. Lakini sikusikia mtu akiuliza bunduki ilitokaje kwa stoo, nani alisaini, nani alikuwa wa kusema huyu leo asipewe. Bunduki zetu si za dukani, nyingi ni za serikali, zinatoka kwa mlango mmoja wenye kitabu, na mlango ukiwa mmoja kuulinda inawezekana, Wamarekani wangetamani kuwa na mlango mmoja. Hata kwa raia mwenye leseni, sheria yetu ya silaha inasema asipewe mtu wa ulevi ama asiye na akili timamu, imeandikwa, na 2018 wenye leseni wote waliitwa kupigwa msasa upya. Ya raia tunaikagua. Lakini askari ambaye ametoka kuokota wenzake barabarani tunampa bastola tunamwambia karibu Nairobi.

Nirudi kwa kliniki. Kile walifanya, na hapa ndipo nyota zao nne zinatoka, ni kuunganisha vitu viwili. Kaunsela alimwomba mdogo wangu ruhusa, hakumzunguka, akamwambia nataka kumwandikia OCS wako, mkuu wa kituo chenu, barua, sitaandika ugonjwa wala maneno uliyoniambia, nitaandika tu kwamba kwa sasa apewe kazi isiyo ya silaha na tutaangalia tena baada ya muda. Mdogo wangu alikataa. Tulikaa pale kimya, wifi akilia polepole. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa, kwa askari kunyang'anywa bunduki ni kama kuvuliwa nguo mbele ya watu, wenzake wataanza kumwita mgonjwa, kupandishwa cheo sahau, na Tume ya Huduma ya Polisi ina kitengo chake cha ushauri lakini askari wa chini wanaogopa kuonekana wakiingia. Mama hakumsukuma, akamuuliza mtoto wako ana miaka mingapi, anapenda kuchezea wapi ndani ya nyumba. Akajibu, chini ya kitanda. Baada ya hapo akasema andika.

OCS, na ninamshukuru hata kama hatasoma hii, alimwita ofisini mlango umefungwa, hakupiga kelele, akampeleka ripoti ofisi kuandika OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, bastola ikarudi stoo ikasainiwa. Usiku huo wifi alilala, aliniambia asubuhi, dada nimelala mpaka jogoo.

Ninachotaka watu waone ni kwamba huo usiku mdogo wangu alikuwa bado mgonjwa vilevile. Hakuna kitu kilikuwa kimepona. Bado alikuwa anakaa kwa kiti akiangalia mlango. Ushauri ulichukua miezi na bado unaendelea, kuna wiki anarudi nyuma, kuna wiki anacheka. Ushauri ni kazi ya polepole na lazima uwe polepole, ndio maana hauwezi kuwa ulinzi wa usiku wa leo. Usiku wa leo unalindwa na stoo iliyofungwa. Na upande mwingine pia ni kweli, bila kliniki hiyo bastola haingetoka, maana nani angejua, wifi angeogopa kumshtaki mumewe kituoni, na mimi ningempigia nani? Angenyang'anywa tu bila mtu wa kuongea naye angebaki na aibu na chupa.

Kuna jambo hili la kujiua, pia pale wanalishika vizuri. Huko Marekani mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua wenyewe. Hao hawaonyeshwi na runinga, hakuna utepe wa manjano. Huko ndiko naona pesa za afya ya akili na udhibiti wa silaha zinakutana moja kwa moja, maana mtu wa kujiua mara nyingi wimbi linampita akikosa kitu cha karibu, na bunduki haimpi nafasi ya pili. Swanson na wenzake waliangalia Connecticut, ambayo ndiyo jimbo la kwanza kuwa na hizo amri za kuondoa silaha tangu 1999, wakakadiria kwamba kwa kila watu kumi hadi ishirini walioondolewa bunduki mtu mmoja aliokolewa asijiue. Hapa kwetu mpaka juzi mtu aliyejaribu kujiua alikuwa anashtakiwa, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, ndiyo Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema hicho kifungu kinakwenda kinyume na Katiba. Fikiria askari anaulizwa kwa fomu kama amewahi kufikiria kujiua na yeye mwenyewe ndiye alikuwa anatumwa kukamata watu kwa hilo kosa. Kaunsela alituelezea hiyo hukumu siku ya kwanza kabla hajauliza, kwa Kiswahili cha kawaida, na nikaona mabega ya mdogo wangu yakishuka.

Kwa hiyo pesa za afya ya akili ziongezwe, nazipigania kabisa. Jopo la serikali la afya ya akili, lile la Daktari Frank Njenga, lilisema 2020 kwamba hii ni dharura ya kitaifa, na bado hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ambayo iko pale tangu 1910 ndiyo inabebeshwa wagonjwa wa nchi nzima. Kliniki kama hii ya Ngara ingekuwa inalipiwa na SHA tungekuwa na foleni fupi na konstebo hangechagua kati ya kikao na ada. Ziongezwe kwa sababu watu wanaumwa, hiyo inatosha kuwa sababu. Zisiuzwe kama dawa ya risasi halafu risasi zikiendelea tuambiwe ushauri haufanyi kazi.

Mambo ya kurekebisha, na nimewaambia ana kwa ana. Hawana mtu wa zamu ya usiku, simu yao inazimwa saa kumi na moja jioni, na shida za watu wenye silaha si za saa nne asubuhi. Wangeweka hata notisi ukutani ya namba za Befrienders Kenya, wale wa kusaidia watu wanaofikiria kujiua, mtu ajue pa kupiga. Grupu ya familia ni nzuri lakini wanawake ndio tunajaa, waume na baba wanashukia chini kwenye chai, wangejaribu kuwa na ya wanaume peke yao. Na ile fomu iko kwa Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande mwingine, Kiswahili chake kigumu mpaka dada wa mapokezi ndiye anasomea wazee kwa sauti, na hayo si maswali ya kusomewa mbele ya watu.

Kama unampeleka mtu, wanafungua saa mbili asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, nenda katikati ya wiki, Jumatatu imejaa. Steji ya Ngara ukishuka ni mwendo mfupi. Kama mtu wako anabeba silaha, iwe ya kazi ama ya leseni, mwambie dada wa mapokezi kwa simu kabla hamjafika, watawapa kikao kirefu na hamtangoja pale kwenye runinga. Ile barua ya kwenda kwa OCS ama kwa mwajiri wanaandika bure, lakini lazima uiombe, wao wenyewe hawaisemi mpaka uulize.